Amplifaya ya sebuleni: klasi A, AB au D?

Ukienda kununua amplifaya, usianze na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Zile "PMPO 5000" ni za kumfurahisha mteja tu. Spika ya kawaida ya kuweka rafuni, ukiipa wati moja, mita moja mbele yake hutoa kama desibeli 88, na hapo tayari mnaanza kupaza sauti ili msikilizane. Maana yake jioni nyingi unatumia wati moja, labda mbili. Mimi naulizia hiyo wati ya kwanza: ni safi au ina mikwaruzo? Jibu liko kwenye klasi, yaani namna transista, vile vipande vinavyokuza sauti, zinavyofanya kazi.

Klasi A haina shida hapo. Transista zake hupitisha umeme muda wote, muziki uwepo usiwepo, kwa hiyo hakuna pa kukwama. Bei yake ni joto. Hata kwenye hesabu za kitabuni haivuki ufanisi wa asilimia 50, na miundo mingi iko chini zaidi ya hapo. Nimewahi kukaa na moja ya wati 20 kila upande, kazi ya mikono ya fundi, hapa Dar. Violini ya taarabu ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Ila ilivuta kama wati 200 hata ikiwa kimya. Saa tano tu, uniti moja ya LUKU imekwenda. Na Februari, jamani, nani anataka jiko la pili sebuleni?

Klasi B iligawa kazi: transista moja inashika nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Tatizo ni pale zinapopokezana. Transista ya silikoni inataka kama volti 0.6 ndipo iamke, basi kuna nukta ambapo zote mbili zimelala, na sauti hukwaruza. Ukiwa umefungulia sana hulioni kosa hilo. Ukipunguza, ndipo linapojitokeza.

AB ni dawa ya hapo: mkondo mdogo hupitishwa muda wote ili zote mbili zibaki macho. Amplifaya nyingi za mtumba ni hizi. NAD 3020 ya mwaka 1978 ilikuwa AB ya wati 20 tu, na mpaka leo watu wanaitafuta. Kabla hujalipa, iwashe bila muziki kwa nusu saa, kisha gusa bati la kupozea transista. Likiwa na uvuguvugu, dalili nzuri. Likiwa baridi kabisa, mwambie fundi apime ule mkondo, hasa kama transista zimeshabadilishwa. Transista feki za namba 2SC5200 na 2SA1943 zimejaa madukani. Halafu weka piano au sauti ya mtu mmoja, chini kabisa, usikilize kama inakwaruza inapofifia.

Klasi D wengi hudhani ni ya "dijitali". Siyo, herufi ilifuata tu baada ya C. Transista zake huwaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili na kepasita huchuja na kubakiza muziki. Ufanisi unafika asilimia 90. Chipu kama TPA3116D2 ya Texas Instruments inakubali volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo betri ya sola ya volti 12 inatosha: utapata kama wati 15 kwenye spika za omu 4, umeme ukatike usikatike. Kwa nyumba nyingi za huku, pesa yangu ningeiweka hapa.

Ila usiilishe kwa adapta ya bei poa. Kelele zake utazisikia kwenye spika. Na waya hasi za spika mbili usiziunganishe pamoja wala kuzigusisha kwenye bodi, kama tulivyozoea kwenye redio za zamani. Kwenye amplifaya nyingi za aina hii, waya zote mbili za spika zina umeme, na chipu inaweza kuungua hapohapo.