Bodi haichangii mawazo wala pesa, je dashibodi itasaidia?

SWALI: Naratibu shirika dogo la hisani. Wajumbe wetu wa bodi hawasomi ripoti, kikaoni wanaitikia tu, na kazi ya kutafuta wachangiaji wametuachia sisi wa ofisini. Kuna mtaalamu anatuuzia dashibodi, yaani ukurasa wa kompyuta wenye grafu 30 zinazobadilika zenyewe data ikiingia, anasema bodi itachangamka na michango itapanda. Tununue?

JIBU: Msinunue, angalau sio hiyo. Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila mara kuna mtu ameshaahidiwa kwamba rangi zitafanya kazi ya kuongea na watu. Bodi yenu iko kimya kwa sababu hakuna kitu kwenye ripoti kinachomuuliza mjumbe jambo ambalo yeye ndo wa kulijibu, na ukiigeuza ripoti hiyohiyo kuwa grafu 30 kimya kitabaki palepale.

Anzeni na uamuzi. Kikao kijacho bodi inatakiwa iamue nini? Ukishajua hilo grafu zenyewe zinakuwa chache: pesa iliyopo inatutosha miezi mingapi, kiasi gani ni cha mradi maalumu na kiasi gani tuko huru kutumia (hapa ndo bodi nyingi zinajidanganya, zinaona salio kubwa benki wakati zaidi ya nusu ina masharti ya mfadhili), mapato yetu yanamtegemea mfadhili mmoja kwa asilimia ngapi, na wachangiaji wangapi wa mwaka jana wamerudi.

Hilo la mwisho ndo lenye utamu. Chukulia mwaka jana mlikuwa na wachangiaji 200 na mwaka huu pia 200. Grafu ya jumla inaonyesha mstari ulionyooka, kila mtu anaridhika, mnaenda ajenda inayofuata. Sasa chambua majina: kati ya wale 200 wa mwaka jana, waliorudi ni 90 tu, yaani asilimia 45, na wengine 110 wamepotea, ila wapya 110 wameziba pengo ndo maana hamkuona. Hapo mjumbe ana kazi ya kufanya. Panga waliopotea, waliokuwa wanatoa zaidi wakae juu, kila mjumbe achukue watano awapigie, kwanza ashukuru halafu aulize kulikoni, na kikao kinachofuata grafu ionyeshe wangapi wamepigiwa na wangapi wamerudi. Ukurasa mmoja wa Excel unatosha kabisa, utumeni wiki moja kabla ya kikao.

Kinachonikera ni hawa wauzaji wa dashibodi za haraka ambao hawaulizi data inatoka wapi. Mchangiaji mmoja kaandikwa mara tatu kwa majina matatu, ahadi zimejumlishwa na pesa iliyoshaingia, halafu inawekwa juu yake grafu ya kung'aa na bodi inaamini! Wengine wanakata kipimo cha pembeni mwa grafu kisianzie sifuri. Mfano, michango imetoka milioni 480 kwenda 500, ongezeko la kama asilimia 4, lakini kipimo kikianzia 470 pau (nguzo ya grafu) ya pili inaonekana ndefu mara tatu ya ya kwanza. Bodi ikishangilia hiyo, itapitisha bajeti ya pesa ambayo haipo.

Kwa hiyo mtu akija na programu yake, iwe Power BI, Tableau au kitu alichotengeneza mwenyewe, muulize nani atasafisha data kila mwezi na kwa masaa mangapi, ahadi na pesa iliyoingia zinatenganishwaje, na akiondoka nani kwenu ataweza kubadilisha grafu. Akianza kuzungukazunguka, mwage. Na muulize linki inafunguliwa na nani, maana dashibodi zingine zinawekwa wazi mtandaoni zikiwa na majina, simu na kiasi alichotoa kila mchangiaji, na yeyote mwenye linki anasoma. Mchangiaji akijikuta humo msitegemee atawapa tena.