Re: Mbegu za robusta hazijaota, wiki ya tano sasa

Habari ndugu. Umesema umepanda mbegu za kahawa ya robusta kitaluni, wiki ya tano imefika na hakuna iliyochomoza. Usizing'oe bado, robusta huchukua wiki nne hadi nane, na kwenye baridi huzidi hapo.

Fukua mbili tatu, uzipasue kwa wembe. Kiini kikiwa kigumu na cheupe, subiri. Kikiwa cheusi au kinateleza, imeoza. Hukusema zilivunwa lini, na hapo ndipo wengi wanapokwama: mbegu ya robusta haihifadhiki kwa muda mrefu, baada ya miezi miwili mitatu nyingi zimekufa. Zilizoanikwa juani hufa mapema zaidi.

Ukirudia, chuma matunda mekundu, yamenye kwa mkono, tia mbegu majini utupe zinazoelea, osha utelezi wote, kausha kivulini. Ganda gumu la ndani liache. Panda upande bapa ukiangalia chini, kina cha sentimita moja, funika kwa nyasi. Udongo uwe na unyevu, usituamishe maji. Zikichomoza, ondoa nyasi, weka chanja juu yake cha kukinga jua.

Kwenye kuhamishia viriba (vifuko vya plastiki vya miche) kuwa makini sana: mzizi mkuu ukijikunja, mbuni, yaani mti wa kahawa, utadumaa maisha yake yote.