Kabla mama hajasaini mkopo wa ada ya uhandisi

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinipigia saa tatu usiku. "Shikamoo mjomba. Nimechaguliwa." Uhandisi ujenzi, chuo binafsi, Dar es Salaam, ada milioni 4.2 kwa mwaka, hosteli mbali. Nikampa hongera yake. Kisha akashusha sauti: "Mama anasema atakopa kupitia mshahara. Nithibitishe?"

Mama yake, dada yangu, ni muuguzi wa serikali. Swali hilo nililijibu vibaya mimi mwenyewe nikiwa na umri wake.

Nilimaliza kidato cha sita 2012. Alama hazikunifikisha chuo cha serikali nilichokitaka, nikaangukia cha binafsi. Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu ya ada na bumu, ile fedha ya kujikimu. Iliyobaki, kama milioni 2 kila mwaka, mama alikopa benki kwa mshahara wake wa ualimu wa shule ya msingi. Mwaka wa pili akatopap, yaani akaongeza mkopo juu ya ule ambao haujaisha. Wa tatu akatopap tena. Nikiwa likizo ya mwisho nilifungua daftari lake la maandalio nikitafuta kalamu, nikakuta slipu ya mshahara imekunjwa mara nne. Makato mistari sita, na chini kabisa kilichobaki: theluthi moja ya mshahara, kile kiwango ambacho makato ya mtumishi hayaruhusiwi kukigusa. Yaani bila kanuni hiyo hata hicho kingeondoka. Mama hakuwahi kunitajia, na mimi nilirudisha slipu pale pale nikanyamaza.

Deni lile tulilimaliza. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama liliniangusha, nasema hapana, lilinichelewesha, na kwa mhandisi kuchelewa kuna gharama yake.

Ukihitimu ile miaka 4 bado hujawa mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) inakuandika mhandisi mhitimu. Ili uwe mhandisi mtaalamu unahitaji walau miaka 3 ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ukijaza logibuku na yeye akiisaini. Mpango wa mafunzo hayo, SEAP, upo tangu 2003. Miaka hiyo kwa wengi wetu ni ya posho, na posho ukiigawa kwa nauli, chumba na chakula, hakuna kinachobaki cha kutuma nyumbani.

Nilihitimu 2016, mwaka ambao serikali ilisimamisha ajira kupisha uhakiki wa watumishi. Ofisi moja ya wahandisi washauri Dodoma ikanipa nafasi ya mafunzo kwa laki tatu kwa mwezi. Wiki hiyo hiyo duka la marumaru Buguruni likaniita kwa laki sita na nusu. Mama anaishi kwa theluthi, wadogo zangu wawili wako shule. Nikauza marumaru miaka minne. Hadi leo naweza kukwambia boksi lina vipande vilivyopasuka kwa kulitikisa tu, ujuzi ambao ERB hawautambui. Rafiki yangu wa kidato cha sita, aliyesoma chuo cha serikali kwa mkopo wa Bodi peke yake, alichukua posho kama ile niliyoikataa, akabanana chumba kimoja na wenzake wawili. Siku anakula kiapo cha wahandisi picha yake ilinikuta juu ya Canter napokea maboksi.

Basi nikamwambia mpwa wangu achukue karatasi na kalamu. Mkopo wa Bodi ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani ilikuwa 8, sheria ikabadilishwa 2016. Mshahara wa 800,000 utakatwa 120,000. Ukidaiwa milioni 14, utalipa karibu miaka 10. Inatisha kuiandika, lakini makato hayo yanakwenda na mshahara wako, na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa inalinenepesha deni kila mwaka ilifutwa 2021. Mkopo wa benki wa mama hausubiri mshahara wako. Unaanza kukatwa hujajua hata kantini ya chuo iko upande gani, na una riba. Deni la namna hiyo ndilo litakalokutoa kwenye ile miaka mitatu ya posho.

"Kwa hiyo nikatae?"

Sikusema hivyo. Darasani kwetu kulikuwa na kijana ambaye baba yake ni mkandarasi. Alilipiwa taslimu, likizo zote yuko saiti, na alipohitimu kazi ilikuwa inamsubiri. Kwake ile ada ilikuwa halali yake kabisa.

Ila ada kubwa isikufanye udhani maabara ni kubwa. Chuoni kwetu mashine ya kupasulia vipande vya zege ilikaa chini ya turubai miaka yote minne. Kupasua kipande cha zege cha siku 7 na cha siku 28 tangu kumwagwa, kupima nguvu yake, nilifundishwa kwenye PT, mafunzo ya vitendo ya likizo, na fundi sanifu mwenye diploma, aliyecheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Nikamtuma mpwa aende chuoni katikati ya wiki, aombe kuiona mashine ikifanya kazi. Awaulize wanafunzi wa mwaka wa nne, siyo ofisi ya udahili, walifanyia PT wapi na nani aliwatafutia. Aulize ada ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, kwa maandishi. Na athibitishe ERB kwamba kozi hiyo, kwa jina lake kamili, inatambuliwa leo. Akiambiwa "tupo kwenye mchakato", achukue mkoba wake aondoke.

Amechaguliwa pia Mbeya, chuo cha serikali, uhandisi mitambo, ada chini ya nusu ya ile. Haitaki. "Mjomba, Mbeya baridi." Nikamwambia sweta linauzwa mitumbani.

Jumatano alikwenda. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti: mashine ipo, inafanya kazi, wamempasulia kipande mbele yake na ameruhusiwa kusoma kipimo. Alikuwa anahema kwa furaha. Ada ya mwaka wa pili wamesema itategemea.

Usiku dada akanitumia picha ya slipu yake, bila neno lolote. Nikaikuza kwenye simu. Makato mistari minne tayari, na chuo hakijafunguliwa.