Kaskazini wanashinda kila vita: kabla hujachora upya ramani, pima dakika

Mleta mada, nimesoma uzi wako mpaka mwisho pamoja na majibu ya waliotangulia. Kwa anayefika sasa: jamaa anaendesha seva ya gemu la vita, kambi mbili, moja kaskazini na moja kusini, mto umekatiza katikati na una madaraja matatu. Kaskazini wanashinda mno, Kusini wanalalamika kwamba ramani inawaonea. Anauliza achague lipi: achore ramani upya ili nusu ya kusini iwe nakala ya nusu ya kaskazini, au awape Kusini mizinga mikali zaidi.

Nimechora na kurekebisha ramani za seva za namna hii kwa muda mrefu, na nimewahi kuwa upande unaolia na upande unaoliliwa. Mkuu, yote mawili yaache kwanza. Hujajua bado kama tatizo ni ardhi.

Njia ya kujua ni kubadilishana pande. Timu za mpira hubadilishana magoli kipindi cha pili kwa sababu jua na upepo havina timu, na wewe fanya hivyo hivyo vita ijayo inapoanza: bendera ya Kaskazini ihamie kusini na watu wake wote. Counter-Strike imeishi na ramani zenye upendeleo miaka yote kwa dawa hii hii. Ramani yake ya Nuke inajulikana kuwa inawabeba wanaolinda, lakini kwa kuwa katika Counter-Strike 2 timu zinabadilishana baada ya raundi 12, kila mtu anaionja dhiki hiyo na mechi inabaki ya haki. PlanetSide 2, gemu la vita la mtandaoni lililotoka mwaka 2012 likiwa na himaya tatu, nalo huzungusha malango ya himaya (ngome zao za kuanzia) bara, yaani ramani moja, linapofunguliwa upya, ili asiwepo wa kudumu kwenye kona mbaya.

Watakupinga. Watasema "sisi ni watu wa milimani, tumejenga historia yetu huku." Wape muda wazoee, lakini usirudi nyuma, maana bila hatua hii utakuwa unahamisha milima kwa kufuata kelele. Na unaposoma kumbukumbu za seva, chukua saa zile tu ambazo idadi ya wachezaji inakaribiana. Kambi moja ikiwa na watu wengi walio macho usiku, itateka miji mitupu wakati wenzao wamelala, na asubuhi utaambiwa kosa ni la daraja.

Nikupe mfano wa kwetu. Tulikuwa na ngome juu ya mwinuko, inashambuliwa kutoka magharibi au mashariki kutegemea na kambi yako. Wa magharibi waliiteka mara kwa mara, wa mashariki walishindwa, na jukwaa zima likaamua kwamba makamanda wa mashariki hawajui kazi. Tulipobadilisha pande, wale "mabingwa" wakaanza kufa pale pale walipokuwa wakifia wenzao. Nikashuka mwenyewe na mhusika mtupu, bila silaha, nikatembea njia zote mbili. Upande wa magharibi kulikuwa na korongo. Halikuwa refu wala halikuonekana la maana kwenye picha ya juu, lakini ukichuchumaa ndani yake unafika karibu na lango bila mtu wa ukutani kukuona hata kofia. Upande wa mashariki ardhi inapanda taratibu kisha inalala bapa kabla ya ukuta. Pale inapolala ndipo penye kifo: unapanda bega la mwinuko, kichwa chako kinatokeza kwanza, na mdunguaji wa ukutani anakiona kichwa hicho wakati wewe bado unaangalia nyasi. Mwenye ngome anakuwa ameshafyatua ndipo wewe unamwona.

Hatukulifukia korongo. Tuliweka kuta za mawe zilizobomoka na mikokoteni kwenye ule ubapa, tukakata mtaro mmoja wa kukaribia lango. Korongo likabaki na sifa yake, na mashariki wakapata hila ya aina nyingine. Malalamiko yalihama kwenda kwingine, na kwa msimamizi wa seva hayo ni maendeleo.

Sasa ramani yako. Picha uliyoweka ina vipimo vya mita, na umejitetea kwamba mto uko katikati kabisa. Kwa mita, sawa. Lakini mchezaji hatembei mita, anatembea muda. Barabara ya kusini inapanda na kukunja mara mbili kabla ya daraja la kati. Ya kaskazini inateremka moja kwa moja. Lori lililojaa risasi linapanda kwa kujikokota. Kwa hiyo chukua saa ya kuhesabia sekunde, toka kila sehemu ya kufufukia, tembea njia zote kwa miguu kisha kwa gari, na weka alama kwenye ramani kila baada ya sekunde 10. Halafu unganisha zile sehemu ambako muda wa Kaskazini na muda wa Kusini unalingana. Utapata mstari. Mimi nauita mstari wa mizani, wewe uite utakavyo, ila huo ndio mpaka halisi wa ramani yako.

Vita visipoingiliwa na kitu kingine, mapigano hutulia karibu na mstari huo, kwa sababu anayesonga mbele anarefusha njia yake na kufupisha ya adui. Ukiuona mstari, angalia mto uko upande gani wake. Nakisia kwako mstari umeangukia kusini mwa mto. Kama ni hivyo, mapigano ya kawaida yanatokea ng'ambo ambayo Kaskazini wameshavuka, kwa hiyo kwao mto ni ukuta wa akiba mgongoni: wakirudishwa nyuma, wanajificha nyuma ya maji. Kusini wakirudishwa nyuma hawana maji wala ukuta, wana uwanja mtupu mpaka mjini. Mto mmoja, uko katikati kwa mita, lakini unamtumikia mmoja tu.

Wapo watakaosema sekunde 20 si kitu. Piga hesabu. Kila upande una watu 40. Ukifa unasubiri sekunde 20, na ukifika mbele unadumu kama sekunde 60 kabla ya kufa tena. Njia ya Kaskazini ni sekunde 50, ya Kusini 70. Mzunguko mzima wa askari wa Kaskazini ni sekunde 130, wa Kusini 150. Maana yake muda wowote ukichungulia mstari wa mbele utakuta Kaskazini wana watu 18 hivi wanaopigana na Kusini wana 16. Na hapo nimewafanya wote wadumu sawa, jambo ambalo halitokei: walio wachache wanakufa upesi zaidi, wanatembea mara nyingi zaidi, na pengo linapanuka lenyewe. Hakuna kamanda atakayeliziba kwa kelele za maiki.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ninayoijaribu ni ya bei rahisi kuliko zote: kusogeza sehemu ya kufufukia. Baada ya hapo nyoosha barabara. Baada ya hapo ongeza kivukio cha miguu mahali ambapo magari hayapiti, ili daraja lisiwe mlango pekee. Mlima uguse mwisho kabisa. Hata watengenezaji wakubwa wa magemu hufanya hivi. Alterac Valley, uwanja wa 40 kwa 40 ulioingia World of Warcraft mwaka 2005, haukuwa na pande zinazofanana: kambi ya Alliance iko kaskazini, na ili uingie ngome yao ya Dun Baldar lazima upite daraja jembamba linalotazamwa na maboma yao, kambi ya Horde iko kusini, na kilio cha Alliance kilikuwa kile kibano cha Iceblood, njia nyembamba inayowakwamisha njiani. Nimecheza pande zote mbili, na kila upande uliapa kuwa ndio ulioonewa. Blizzard, wenye gemu, hawakulibomoa daraja. Walichosogeza ni mahali Horde wanapoanzia.

Kuhusu mizinga mikali kwa Kusini: hapana. Bunduki haikai mtoni. Utaitoa kufidia kilima, kisha itabebwa mpaka kwenye tambarare ambako Kusini hawakuwa na shida yoyote, na sasa huko wao ndio watakaoonea. Fidia ya nguvu ina mahali pake, nayo ni kwenye idadi. Wintergrasp, uwanja mwingine wa World of Warcraft uliokuja na nyongeza ya Wrath of the Lich King mwaka 2008, uliwaongezea nguvu waliokuwa wachache kupitia fidia iliyoitwa Tenacity, na mantiki yake inaeleweka kwa sababu idadi inabadilika na fidia inabadilika nayo. Kilima hakibadiliki.

Na ramani ya nakala? Inafanya kazi, sikatai. Guild Wars 2 ilianza mwaka 2012 na ramani tatu za mpakani zilizokuwa nakala moja, kila seva na yake, na hakuna aliyeweza kudai kwamba ya jirani ina kilima kizuri zaidi. Ila unalipa gharama: ukishaijua nusu umeijua yote. Kwa vita vya muda mrefu, watu wanahitaji mahali penye jina na sifa yake, bonde fulani ambalo wakilitaja kila mtu anakumbuka kilichotokea. Mechi ya dakika 30 haihitaji hilo. Yako inahitaji.

Halafu nakala yenyewe si sawa kama inavyoonekana. Kwenye League of Legends kamera imeinama na kila mtu anatazama kutoka upande mmoja, kwa hiyo wa bluu anayeanzia chini kushoto anasukuma kuelekea juu ya skrini na anaona vizuri mbele yake, wakati mwekundu anakuja chini, kule kulikozibwa na vitufe na ramani ndogo. Kwenye StarCraft jengo la Terran, moja ya jamii za gemu hilo, hufunga kiambatisho chake (kijengo cha nyongeza) upande wa kulia siku zote, hata ukiigeuza ramani namna gani. Kwako, kwa kuwa ni gemu la kufyatua risasi, angalia jua. Kama limekaa mahali pamoja angani na Kusini wanashambulia wakilitazama, umewapa Kaskazini pazia. Angalia pia rangi za sare. Sare nyeusi kwenye theluji ni shabaha iliyotembea yenyewe.

Kuna njia ya kati ambayo watu wanaisahau, nayo ni kuuhamisha upendeleo badala ya kuufuta. Dota 2 walikuwa na ugomvi wa miaka kuhusu pango la Roshan, jitu ambalo timu zote hugombea kuliua, liko karibu na nani. Toleo la 7.33 la mwezi wa nne 2023 lilipanua ramani na kuweka mapango mawili, na Roshan akawa anahama kati yake mchana na usiku. Kwako inaweza kuwa machimbo: mgodi wa kati uwe na mali nyingi wiki hii magharibi, wiki ijayo mashariki. Kwenye machimbo pima vile vile kwa muda, kutoka shimoni hadi kiwandani hadi mstari wa mbele, kwenda na kurudi. Nimeona kambi ikishindwa vita ambavyo kwenye mapigano ilikuwa sawa kabisa, kisa madereva wake walikuwa na kona moja ya ziada iliyopita chini ya mwamba ambao adui aliweza kuukalia.

Umemalizia kwa kuuliza kama kambi ya tatu ingesaidia. Kwa nadharia ndiyo. Gemu la Dark Age of Camelot lilifanya hivyo tangu 2001 na kambi za Albion, Hibernia na Midgard: anayezidi nguvu anajikuta anapigwa na wawili, kwa hiyo ardhi isiyo sawa inasamehewa zaidi. Lakini wawili wanaweza pia kumkalia mnyonge, na kitu chochote cha katikati kinageuka kinu. Kwenye Indar, bara mojawapo la PlanetSide 2, kulikuwa na The Crown, kambi juu ya kilima, watu wakawa wanasagana pale kwa masaa huku sehemu nyingine za bara zikiwa tupu. Mwaka 2013 wakaleta mistari inayolazimisha kambi kutekwa kwa mfuatano ili mapigano yasambae kwa mpangilio. Kwa seva yako yenye watu 80 siku nzuri, mgawanyo wa tatu utakupa makundi ya watu 26 au 27 kwenye madaraja matatu. Baki na kambi mbili, na ukishachora huo mstari weka picha yake hapa, hasa lile daraja la mashariki, nina wasiwasi nalo kuliko la kati.