Vidole kufa ganzi ukiendesha pikipiki kwenye baridi

Mkuu, umeuliza kwa nini vidole vinakufa ganzi hata ukivaa glavu mbili. Nadhani hizo mbili ndizo tatizo. Zikibana, damu haifiki kwenye ncha za vidole, na ile hewa kidogo inayotunza joto inakosa nafasi. Vaa moja kubwa kidogo isiyopitisha upepo, na ndani yake kitambaa chembamba cha sufu au hariri.

Adui mkubwa ni upepo. Kwenye nyuzi 5, ukienda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama iko nyuzi 3 chini ya sifuri. Kwa hiyo mimi ningeanza na vile vifuko vinavyofungwa kwenye usukani, unaingiza mkono mzima ndani. Sura yake mbaya, lakini kazi yake utaikubali. Kabla hujaondoka, jaribu kuingiza na kutoa mkono haraka, na hakikisha havigusi breki wala klachi.

Vishikio vya umeme ni vizuri, ila vinapasha kiganja tu huku mgongo wa mkono ukipigwa upepo. Pikipiki ndogo nayo inaweza isizalishe umeme wa kutosha, betri ikaisha.

Halafu kifua na shingo, vifunike vizuri. Mwili ukipoa, unabana mishipa ya mikononi kwanza ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Vidole vikishindwa kuhisi breki, simama. Usivibandike kwenye injini, utaungua bila kujua.