Antivairasi Ikigoma Kurudi Baada ya Kuhamia Windows 11

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi hapa Arua wananijia na shida moja. Wamehamia Windows 11, antivairasi waliyoilipia haifunguki, na wakijaribu kuiweka tena inagoma. Wanaipakua upya mpaka bando linakwisha, kosa liko palepale.

Mara nyingi tatizo ni mabaki. Windows ikishapandishwa, programu ya zamani huweza kuharibika huku draiva zake (vipande vinavyofanya kazi ndani kabisa ya Windows) zikibaki ndani ya mfumo. Ile mpya ikija inaona kuna antivairasi nyingine, inakataa kuingia. Kuifuta kwenye Settings pekee hakutoshi. Tafuta programu ya kusafisha ya kampuni husika: Avast wana Avast Clear, ESET wana ESET Uninstaller, McAfee nao wana MCPR. Ichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usikubali ya kwenye flashi ya jirani. Flashi zinazozunguka stesheneri za mjini ndizo zinazotuletea virusi.

Kusafisha kunafanyika vizuri zaidi ndani ya Safe Mode, yaani Windows ikiwashwa na vitu vya lazima tu. Shikilia Shift ukibofya Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, kisha Startup Settings, bofya Restart, na mwisho bonyeza 4. Lakini kabla hujagusa chochote, hakikisha una ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe bila mwenye mali kujua, na zikikuuliza ufunguo huo huna, kazi imesimama. Kwa kawaida unaupata kwenye akaunti yako ya Microsoft. Namba ya leseni ya antivairasi nayo iandike pembeni.

Halafu tazama saa. Sicheki! Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila umeme, betri yake ndogo ya CR2032 ikifa, hurudi kwenye tarehe ya miaka iliyopita. Hapo vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa, na antivairasi inalalamika kwamba haina mtandao wakati mtandao upo.

Mtandao ukiwa wa kusuasua, chagua faili kamili ya kusakinisha bila intaneti. Ile ndogo huvuta sehemu kubwa ya mzigo baadaye, umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Mimi, kwa mtu wa barua na hesabu za duka, simhimizi kununua nyingine. Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, inakuja na Windows bila malipo, na hujiwasha yenyewe ile nyingine ikiondoka. Isipojiwasha, huenda bado kuna mabaki, rudia kusafisha. Mbili zikilinda kwa pamoja zitagombana tu na mashine itakuwa nzito.

Ukimaliza, ijaribu kwa faili ya EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara, yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Antivairasi ikiyanyamazia, usichomeke flashi ya mtu bado.