Begi la shule kwenye msumari wa mlangoni

Desemba 2011 mvua ilinikuta Kigogo, Dar es Salaam, na nyaraka zangu zote zilikuwa kwenye tranka la bati chini ya kitanda. Mama yangu alitunza vyake hivyo hivyo, na bibi pia. Maji ya Mto Msimbazi hayakuanzia mlangoni. Yalipandia kwenye shimo la bafuni gizani, na nilipoteremsha mguu yalikuwa yameshafika kifundoni. Nikavuta tranka likagoma, mablanketi ndani yake yalikuwa yameshakunywa maji. Nikambeba mdogo mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, tukatoka.

Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha Dar katika mafuriko yale, kwa hiyo namshukuru Mungu. Lakini nilipolifungua tranka siku ya nne, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikuwa vimegandana kama chapati zilizorundikwa za moto. Nikabandua cha juu, muhuri wake ukabaki kwenye cha chini. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa uji. Kukipata kingine nilianzia polisi kutoa taarifa ya upotevu, nikalipia tangazo gazetini, ndipo maombi yakaanza. Kazi niliyokuwa naomba akaipata mwingine.

Tangu hapo naweka begi tayari la kutoka nalo mafuriko yakija. Sikununua jipya, nawe usinunue. Chukua la shule lililostaafu, mpelekee fundi viatu ashone upya pale mikanda inapoungana na mgongo wa begi, kwa uzi wa viatu, mara mbili. Hapo ndipo yanapokatikia yote.

Kitambaa cha begi hakizuii maji, hata muuzaji aape. Ndani natanguliza mifuko miwili minene ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Nilijaribu kwa kuweka gazeti humo, nikafunga fundo la kawaida, nikalizamisha begi zima kwenye beseni kwa nusu saa. Gazeti likatoka limelowa kona. Mara ya pili niliusokota mdomo wa mfuko, nikaukunja chini, nikaufunga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Likatoka kavu. Fanya jaribio hilo kabla hujaweka cheti chochote.

Nyaraka zinaingia kwanza: vyeti vya kuzaliwa, vya shule, vya ndoa, kadi za kliniki, karatasi za kiwanja. Vipige picha pia na umtumie ndugu aliye mkoa mwingine. Kisha dawa. Mama mkwe anatumia za presha, kwa hiyo dozi ya wiki nzima inakaa humo pamoja na kadi yake ya hospitali. Tochi, betri zikiwa zimetolewa ili zisivuje. Filimbi, maana sauti ya mtu hukauka upesi. Pedi. Noti ndogo ndogo za elfu moja na elfu mbili, kwa sababu simu ikizima pesa iliyo ndani nayo imezima. Namba za ndugu zimeandikwa kwenye karatasi, pamoja na 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Kanga mbili: ya kumfungia mtoto, ya kujifutia, na mojawapo ikilazimu ya kuchujia maji yenye tope kabla ya kuyatia kidonge cha kutibu maji. Nje ya begi nimefunga raba kwa kamba zake. Kandambili hubaki kwenye tope, na chini ya maji yale kuna misumari na chupa.

Kosa langu kubwa lilikuwa uzito. Begi la kwanza nililipeleka kwenye mizani ya dukani, kilo 14. Nilikuwa nimeweka sufuria, unga, hata blanketi. Nikamfunga mtoto mbele, begi mgongoni, nikatembea usiku hadi shule iliyo juu ya mtaa wetu. Nusu njia magoti yakaanza kutetemeka, na hapo ardhi ilikuwa kavu. Nikapunguza hadi kilo 6. Maji lita moja na nusu tu, kila lita ni kilo, na vidonge vya kutibu maji vinachukua nafasi ya mengine. Chakula ni karanga, tende na biskuti, visivyohitaji moto. Atakayelibeba ndiye alipime, tena kwa kutembea nalo.

Halafu kuna siku ambayo begi linaachwa. Jumapili ya 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliporomoka hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, likaua watu zaidi ya 80. Tope la namna ile halimsubiri mtu anyooshe mkono. Nimewaambia wanangu wazi: ukisikia mlio, au maji yakifika magotini na yanakwenda kasi, toka kama ulivyo.

Begi letu linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, usawa wa kifua, maana maji huanzia chini. Nalifungua mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mwezi wa tisa uliopita nilibadilisha dawa, nikala tende za zamani, nikatoa gauni la kitinda mimba wangu. Lilikuwa limeshampanda juu ya magoti.